Sentensi za Uongo za Mama Rebeka

Vijana wa chumba cha mahojiano, mliniaga kwa soda, keki na saa ya ukutani. Nashukuru. Mtu asiye na pa kwenda asubuhi anahitaji sana kujua ni saa ngapi. Mkaniomba pia niwaandikie kurasa chache juu ya miaka yangu ya ukalimani hapa kambini Nakivale, "ili sisi wadogo tujifunze, Papa Byamungu." Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, mke wangu amechoka kunisikiliza. Ya pili ni Mama Rebeka, yule anayeuza siagi ya karanga pale sokoni Besikempu. Wiki iliyopita aliitwa tena kwenye mahojiano, baada ya kungoja miaka sita, na mmoja wenu ndiye atakayekaa kwenye kiti changu siku hiyo. Yeyote atakayepangwa asome hizi kurasa mpaka mwisho kabla hajaingia. Wengine mnaweza kuishia kwenye utani.

Niliingia Nakivale mwishoni mwa 1996 kutoka Uvira, Kongo, nikiwa na mke, watoto, sufuria moja na diploma ya sekondari niliyoifunga kwenye nailoni na kuivaa ndani ya soksi. Sufuria ilitusaidia zaidi. Siku ya tatu tukiwa kwenye foleni ya posho, mtu mmoja wa ofisi akapaza sauti kuuliza nani anajua Kifaransa na Kiswahili. Nikanyoosha mkono. Nilidhani wanagawa kitu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Salvatori, Mrundi aliyekuwa katekista kabla ya kukimbia. Alikuwa mfupi, mkali, na alivaa kandambili ambazo alizitumia kufundishia. Siku yangu ya kwanza, mama mmoja wa kwetu akasema, "Banaiba mbuzi yangu." Nikamgeukia afisa, nikamweleza kwa heshima kwamba mama huyu anasema ameibiwa mbuzi wake. Nikapigwa kandambili ya goti chini ya meza.

"Nani anasema?" Salvatori akaninong'oneza.

"Mama."

"Hapana, wewe ndiye unayesema. Mama akisema 'mbuzi wangu', na wewe useme 'mbuzi wangu'. Hakuna aliyekuuliza kama una mbuzi. Wewe ni bomba, Byamungu. Maji yanapita, bomba haliongezi neno."

Nikashika. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimeibiwa mbuzi kumi na wanne, nimejifungua mara sita, nimefiwa na waume watano na kupigana na shemeji zangu wote wa Burundi na Kongo. Jioni nikifika nyumbani mke wangu akiniuliza habari za kazi, ilinibidi nifikiri kwanza mimi ni nani.

Vifaa vyetu vilikuwa daftari, kalamu na meza chini ya turubai. Turubai likipigwa na mvua, ukimwambia mtu "samahani, sasa tuanze" ni kama umeiambia mvua yenyewe. Mimi nikaanzisha kugonga meza kwa kalamu mara mbili. Ko, ko. Watu wakazoea: Byamungu akigonga, mahojiano yameanza. Watoto wa majirani walikuwa wakiniigiza njiani. Naitaja hiyo kalamu sasa kwa sababu nitairudia, na sitaona raha nikiirudia.

Kesi ngumu za mwanzo zilikuwa za idadi. Maafisa wanapenda idadi kuliko chai. Nakumbuka mzee mmoja kutoka Fizi, aliyeulizwa ni watu wangapi waliokuja kuchoma nyumba yake.

"Batu mingi," akasema.

"Wengi," nikasema.

"Wengi ni wangapi?" afisa akauliza.

Mzee akanitazama mimi, akamtazama afisa, akanirudia mimi. "Papa, umwambie huyu mutoto, banapokuya na moto hausimame kuita majina kama mwalimu wa klasi."

Nikatafsiri vile vile, pamoja na "huyu mtoto". Salvatori alicheka mpaka akatoka nje. Afisa akaandika "kama ishirini". Kutokana na kesi hiyo nilianza kuchora vijiti kwenye daftari: kijiti kimoja mtu mmoja, viwili watu wawili, vitatu wengi wasiohesabika. Waliotenda niliwachora kushoto, waliotendwa kulia. Ni njia nzuri, bado naipendekeza.

Miaka ikaenda. Turubai likaondoka, tukajengewa chumba cha matofali chenye bati, viti vya plastiki, soketi ya sola na mlango wenye kitasa. Ufunguo wakanipa mimi, kwa kuwa Salvatori alikuwa ameanza kupoteza vitu. Niliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nitawaambia ukweli: sijawahi kupenda kitu cha ofisi kama nilivyopenda ule ufunguo. Nilikuwa mkimbizi asiye na mlango wake mwenyewe wa maana, na hapo maafisa wenye digrii wakawa wanasimama juani wakiningoja nifike. Wakati mwingine nilitembea polepole.

Mama Rebeka nilimfahamu kwa sababu ya karanga zake. Rebeka ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Alizaliwa chini ya mlima mmoja kusini mwa Sudani. Lugha yake sitaitaja jina. Hapa kambini wanaoisema ni wachache kiasi kwamba kuitaja ni kumwonyesha mtu mlango wa nyumba yake. Akiwa msichana alikimbilia Uganda, akaolewa na askari wa Uganda aliyeitwa Okello, akaishi naye kwenye kambi ya jeshi Mbarara. Kiswahili alikijifunzia huko, ndiyo maana anaongea kama sajenti. Okello alifariki kwa ugonjwa, kitandani, palepale Mbarara. Nyumba ya jeshi ikataka askari mwingine, ndugu wa mume wakaangalia pembeni, na mama akaja Nakivale na Esta, mtoto wake wa pekee, aliyezaliwa Mbarara. Esta akakua, akaolewa, akapata safari ya kwenda Australia. Mama akabaki akingoja faili lake la kumfuata. Shikeni haya tu: mume alikufa kwa ugonjwa, mtoto ni mmoja, alizaliwa Mbarara. Faili zima lilisimama juu ya hayo.

Ndipo alipokuja Peio.

Peio alikuwa mtafiti wa lugha. Alitoka kwenye milima iliyo kati ya Ufaransa na Hispania, ambako wana lugha yao isiyo ndugu wa Kifaransa wala wa Kihispania, na alijivunia jambo hilo kama sisi tunavyojivunia kuwa na mjomba mbunge. Alipanga chumba Nyamityobora, Mbarara, na kila Jumamosi alifika Nakivale mwekundu kwa vumbi, na rekoda ameifunga kwenye fulana kama mtoto mchanga. Alikuwa na kibali cha utafiti. Alichokosa ni mtu anayejua Kifaransa wa kumpeleka kwa msemaji wa lugha ile ya Mama Rebeka. Na chumba tulivu chenye soketi.

Mimi nilikuwa na Kifaransa. Nilikuwa na ufunguo pia. Ofisini sikumuuliza mtu.

Alichotafuta nitawaeleza kama alivyonieleza. Lugha nyingi, kama Kiswahili chetu, humtanguliza mtendaji. Mtu ameanguka, mtu amempiga mbwa: "mtu" yuko mbele mara zote mbili na kitenzi kinamtii yeye. Wakiwa wengi, kitenzi kinageuka: watu wameanguka, watu wamempiga mbwa. Lakini ziko lugha ambazo aliyeanguka na aliyepigwa huvikwa nguo moja, wanahesabiwa pamoja, na yule aliyepiga ndiye anayebandikwa alama ya peke yake, kama mtu aliyekamatwa. Lugha ya bibi yake Peio ni ya aina hiyo. Na alikuwa amesoma kwamba ya Mama Rebeka pia.

Kwa hiyo alileta kadi. Mwanamke alianguka. Wanawake walianguka. Mtu alimpiga mbwa. Watu walimpiga mbwa. Mtu aliwapiga mbwa. Mamia. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, na ya Mama Rebeka kuzipeleka kwenye lugha yake. Jumamosi ya kwanza nikamketisha kwenye kiti cha plastiki, nikagonga meza mara mbili.

"Nilichinja ng'ombe," nikasema.

"Wewe?" akasema Mama Rebeka. "Ng'ombe ya nani?"

"Si mimi, Mama. Ni wewe. Ulichinja ng'ombe."

"Mimi hapana ng'ombe. Hata mbuzi hapana. Nachinja nini?"

"Ni mfano tu."

"Mfano ni uongo yenye imevaa suti."

Peio akaniuliza kwa Kifaransa amesema nini. "Anafikiri," nikamjibu. Salvatori angekuwepo, kandambili ingeruka.

Tukafika kwenye kadi ya kumi na nne. "Mume wako alikupiga," nikamwambia.

Mama Rebeka akasimama, kiti kikaanguka. "Nani naambia wewe hiyo? Okello hapana piga mimi! Hata siku moja! Andika hiyo, mzungu, andika Okello alikuwa mtu mzuri!" Na Peio, maskini, kwa furaha kubwa, alikuwa akielekeza rekoda karibu zaidi na kinywa chake.

Ilichukua nusu saa na nusu kilo ya sukari kumrudisha kitini. Hapo nikafanya kazi niliyoiona ya kitaalamu sana. Nilimwekea sheria. Nikisema "ulichinja ng'ombe," yeye kwanza arudie kwa Kiswahili changu, "nilichinja ng'ombe," ili nijue amesikia sawasawa. Kisha aseme kwa lugha yake. Asiulize ni kweli au si kweli. Asibadilishe mmoja kuwa wengi. Asimtetee Okello. "Ukweli tuuache nje ya huu mlango, Mama," nilimwambia, nikiwa na ufunguo shingoni. Kila Jumamosi isiyo na ubishi, kilo nzima ya sukari.

Mwezi wa kwanza alibisha. Wa pili alibisha kwa macho. Wa tatu akaacha. Nikigonga meza, aliinua uso akatazama ukuta juu ya kichwa changu, na sentensi zikatoka moja baada ya nyingine. Uliiba kuku: niliiba kuku. Uliwauza watoto wako: niliwauza watoto wangu. Peio alisema hajawahi kupata msemaji kama huyu. Nikajisikia mimi ndiye niliyemtengeneza, na ni kweli.

Matunda yakaonekana. Jumamosi moja Peio alirusha kadi juu, akaangusha soda yake kwenye daftari langu. Alikuwa amepata alichokifuata: katika lugha ya Mama Rebeka, kuna vitenzi ambavyo havijali waliopiga walikuwa wangapi. Hata wawe kikosi kizima, kitenzi hakisogei. Kinabadilika pale tu waliopigwa wanapozidi mmoja. Nilimweleza Mama Rebeka kwa nini mzungu anacheza, na kwamba Kiswahili huanza na idadi ya wapigaji.

"Kwa nini nahesabu wenye kupiga?" akauliza. "Hao hapana umia."

Peio aliandika hilo pia. Mimi nilitazama vijiti vyangu, wa kushoto na wa kulia, nikaona kwamba kwa miaka yote nilikuwa nikichora wa kushoto kwanza.

Mnaona nilivyokuwa mwerevu.

Peio alimaliza, akaondoka. Wiki tatu baadaye faili la Mama Rebeka la kwenda Australia likaitwa. Afisa alikuwa Madam Kyomugisha wa Mbarara, mwanamke makini, mwenye haki, anayesema na wazee kwa adabu. Alikuwa na mbinu yake: katikati ya maswali ya kawaida alichomeka jambo la uongo makusudi, aone kama mtu atalikataa. Mwenye habari ya kweli hukataa haraka. Aliyekariri hubabaika. Ni mbinu nzuri, na nilishaona ikifanya kazi mara nyingi.

Asubuhi hiyo nilimpitia mwenyewe kwenye karanga zake. "Twende kazini, Mama," nikamwambia. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikimwambia kila Jumamosi. Nikafungua mlango uleule, nikamketisha kwenye kiti kilekile. Madam akapanga karatasi zake, akanipa ishara kwa kichwa. Nikagonga meza mara mbili.

Mama Rebeka akainua uso, akatazama ukuta juu ya kichwa changu.

Majina na umri vilikuwa vimeandikwa, akavithibitisha. Kisha Madam akasema, kwa Kiingereza ambacho nilikuwa nimejifunza hapohapo kazini, kwamba Mama Rebeka ana watoto wawili. Sauti yangu, baada ya miaka ya kuwa bomba, ilikuwa imenyooka kama ubao; hata swali halikuwa na mkia wa swali.

"Una watoto wawili."

"Nina watoto wawili," akasema Mama Rebeka. Halafu akaongeza kitu kwa lugha yake.

"Anasema nini hapo mwisho?" Madam akauliza.

"Anarudia, Madam."

Niligundua palepale. Msidhani nilichelewa. Mama Rebeka maisha yake yote hakuwahi kusema "nina". Alisema "mimi iko na". Kile kilikuwa Kiswahili changu kinachotoka kinywani mwake.

"Mume wako aliuawa na wanajeshi."

"Mume wangu aliuawa na wanajeshi."

"Binti yako alizaliwa Juba."

"Binti yangu alizaliwa Juba."

Madam akaacha kuandika. Akafungua faili kurasa za nyuma, akasoma, akalifunga. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna afisa aliyewahi kunifanyia. Akaweka kalamu chini, akaacha Kiingereza, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Mbarara:

"Mzee Byamungu, wewe nakaa na hawa watu. Huyu nyabo si mwongo, mimi namuona kila siku. Iko kitu hapa mimi sijui?"

Mlango ulikuwa wazi kama lango la kanisa. Ilikuwa sentensi moja tu: Madam, mimi ndiye niliyemfundisha hivi, katika chumba hiki, siku za Jumamosi, bila ruhusa yako. Nikaisikia kichwani, tena kwa lugha tatu. Na mkono wangu, naukumbuka, ulikuwa umeshika ufunguo.

"Madam," nikasema, "mimi natafsiri tu."

Akaandika.

Njiani Mama Rebeka alikuwa mchangamfu. "Leo sukari iko wapi?" akauliza. Alidhani ni kazi ya Jumamosi iliyoletwa katikati ya wiki, na kwamba mambo ya kweli yako kwenye faili, salama, kwa kuwa alishayasema zamani. Nikamnunulia sukari. Kilo mbili. Hiyo ndiyo toba niliyoiweza siku hiyo.

Jibu lilikuja baada ya miezi: maelezo yanapingana, ombi halikukubaliwa. Alipokuja kuniuliza nilimwambia, "Kesi imekwama, Mama." Kana kwamba kesi ni ng'ombe, imejiendea yenyewe kwenye matope. Simu ya Esta ilipoingia alinipa nimweleze yeye, kwa sababu ninajua maneno ya ofisi. Nikamweleza Esta kwamba kesi imekwama. Alilia, nami nikasikiliza kwa utulivu wa kitaalamu.

Nilikaa na jambo hilo miezi minane. Mwishowe nikampelekea Salvatori, aliyekuwa ameshastaafu na kulima maharage. Nilimsimulia yote nikitarajia aniambie nilifuata kanuni.

"Nilikuwa bomba," nikamalizia.

"Bomba!" akasema. "Mimi nilikufundisha usiongeze chumvi kwenye maneno ya watu. Bomba lililopasuka husema, Byamungu. Hutoa maji kila mahali mpaka watu waje. Wewe ulipasuka ukajifunga na kitambaa." Akatazama kandambili zake, akaona umri wangu, akaghairi.

Kesho yake nilimwambia Madam Kyomugisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyoosha kiganja. Nikavua ufunguo nikamwekea. Aliandika barua ndefu ya kueleza, na mimi nikatia sahihi. Ilisaidia kidogo: faili lilikubaliwa lifunguliwe upya, lakini kuanzia mkia wa foleni. Nilitolewa kwenye mahojiano nusu mwaka, nikawa napanga watu kwenye mstari, kazi ambayo naamini niliifanya kwa kipaji. Kwa Madam nilikiri. Kwa Mama Rebeka sikukiri. Nilijiambia hataelewa mambo ya ofisi.

Mwezi uliopita, wakati nikipanga vitu vyangu vya kustaafu, nilitoa kabatini kitabu alichonitumia Peio. Ni kinene, juu ya vitenzi na idadi katika lugha ile, na ukurasa wa shukrani unamtaja "mkalimani wangu mvumilivu". Nilikificha tangu kilipofika. Barua ya kumwita Mama Rebeka ilipokuja wiki iliyopita, nilikichukua nikaenda nacho kwenye karanga zake, kwa sababu nilihitaji sentensi za uongo nyingi, na humo zimo mamia, zenye namba.

Tumekuwa tukikaa kila alasiri. Mimi nasoma, yeye anakataa. Ni kazi ya kubomoa nilichojenga, na kubomoa ni kugumu zaidi: siku ya kwanza nilisema "uliiba kuku" naye akainua uso kutafuta ukuta, ingawa tulikuwa uwanjani na ukuta haukuwepo. Nikasimama, nikahamishia kiti upande wa pili, nikatupa kalamu mfukoni.

"Uliiba kuku, Mama."

"Niliiba..." Akasita. Akanitazama usoni. "Hapana. Kuku ya nani?"

"Ulichinja ng'ombe."

"Hapana! Kila siku hiyo ng'ombe."

"Una watoto wawili."

"Moja. Esta. Wewe iko mlevi?"

Sentensi ya kumi na nne nilitaka kuiruka. Akaniambia niisome. Nikaisoma: mume wako alikupiga. Alikichukua kitabu, akanitaka nimwonyeshe mahali penyewe. Akaweka kidole juu yake. "Miaka yote hii iko hapa? Watu ya Ulaya nasoma Okello napiga mimi?" Nikamwambia wanaosoma ni wachache sana, na wanatazama kitenzi tu. Hilo halikumfariji. Nikaandika pembeni kwa wino: Hapana, Okello alikuwa mtu mzuri. Na leo usiku nitamwandikia Peio aongeze hilo akichapa tena.

Jana tulifika mwisho wa kitabu. Kadi za Peio ziliisha, nami nikaendelea bila kitabu. Nilisema kwa sauti ileile ya ubao:

"Byamungu aliona mambo yanaharibika. Aliulizwa. Akanyamaza, kwa sababu ya ufunguo."

Nikangoja. Alikuwa akimenya karanga, akaendelea kumenya. Nilidhani atauliza ufunguo gani.

"Mimi nalijua," akasema. "Ile chumba ilikuwa na watu tatu. Madam hapana jua. Mimi hapana jua. Nani nabaki?" Akapuliza maganda kiganjani. "Miaka sita mimi nangoja wewe nasema. Wewe naleta sukari."

"Nisamehe, Mama."

"Hiyo si sentensi ya kitabu. Sema ile ya kwanza tena, mimi najibu."

Nikaisema tena, yote. Alinitazama machoni, jinsi nilivyomfundisha wiki nzima kumtazama anayeuliza.

"Ndiyo," akasema. "Hiyo ni kweli. Na wewe andika, watoto ya ofisi wasome mbele ya siku yangu."

Kwa hiyo, wewe utakayekaa kwenye kiti changu: geuza kiti chake kisitazame ukuta. Kalamu yako iache mfukoni. Mweleze kwanza kwamba siku hiyo ukweli umeingia naye chumbani. Atabisha karibu kila kitu, hata umri wake. Tafsiri ubishi wote, usimwambie afisa kwamba anafikiri. Na Madam au yeyote akiweka kalamu chini akakuuliza kama kuna kitu asichokijua, mpe karatasi hizi.